Baba aliniuliza "irrevocable" maana yake nini

Macho ya baba yalipoanza kufunga kabisa aliniita barazani akaniambia, mama, kuanzia sasa nataka wewe ndo unisimamie ile nyumba na kile kiwanja, wapangaji wakulipe wewe, hati ukaifuatilie wewe, mi nimechoka kushikwa mkono kwenye ngazi za watu. Nikasema sawa baba. Mama alikuwepo, jirani alikuwepo, maneno yametamkwa na mimi nimeitikia, kwa hiyo kwetu sisi jambo lilikuwa limeshakwisha palepale. Ila ofisini hawapokei maneno ya barazani, wanataka karatasi, na karatasi yenyewe wanaiita "power of attorney", yaani hati ya kumpa mtu uwezo wa kutenda kwa niaba yako.

Nikaenda kwa kijana mmoja anayechapa nyaraka karibu na mahakama, nikamweleza shida yangu, akafungua faili la mtu mwingine kwenye kompyuta, akafuta jina la yule akaweka la baba, akafuta jingine akaweka langu na la kaka yangu aliyeko Muscat maana nilimwambia tuko wawili, dakika kumi kurasa tatu za Kiingereza zikatoka kwenye printa. Mi Kiingereza nakitumia kazini kila siku lakini mstari wa kwanza niliurudia mara tatu. "Do hereby nominate, constitute and appoint". Maneno matatu na yote yanasema namteua! Hii tabia ya kurundika maneno ni ya zamani sana, Wanormani walipoitwaa Uingereza mwaka 1066 mahakamani kukawa na Kifaransa na Kilatini na Kiingereza vyote kwa pamoja, basi mwandishi wa hati akaona bora aweke neno zaidi ya moja asije akaacha mwanya, na wanasheria wakazoea hivyo mpaka leo.

Usiku ule nikakaa na baba nimsomee. Nilidhani itachukua robo saa. Tulimaliza karibu saa tano usiku kwa sababu baba hakuwa mtu wa kuruka neno, alikuwa anasimamisha kila mahali, hapo panasemaje, rudia, kwa Kiswahili inakuwaje.

Cha kwanza "attorney", nikamtafsiria wakili. Akasema mbona unasema wakili, mi nimekuteua wewe, wakili wa nini tena? Na ana haki ya kuuliza, watu wengi wanadhani hiyo hati lazima apewe mwanasheria. Asili yake ni Kifaransa cha kale, maana yake mtu uliyemwelekezea jambo lako, umemgeuzia yeye, na kwenye hii karatasi ni mtu yeyote mzima unayemwamini, awe mwalimu, mkulima, yeyote. Nilipomweleza hivyo baba akatulia kidogo akasema, aah, kumbe ni wakili yule wa kwenye dua, hasbunallahu wa niimal wakiil. Ndio baba, ni huyohuyo, yule unayemkabidhi mambo yako ukamtegemea. Kiswahili tulilichukua neno toka Kiarabu na lilikuwa pana hivyo, miaka imepita likabanwa mpaka likabaki kwa watu wa joho jeusi tu.

Akanikumbusha ndoa ya dada yangu. Baba ndo walii lakini hakuozesha mwenyewe, alimshika shehe mkono akamwambia nimekuwakilisha umuozeshe binti yangu fulani kwa fulani kwa mahari kadhaa, shehe akasema nimekubali, watu wanasikia. Hebu angalia hayo maneno. Anayempa yupo, anayepewa yupo, kazi imetajwa ni ipi, kiasi kimetajwa, mashahidi wapo, na kazi ikiisha uwakilishi umeisha, shehe hawezi kesho kuja kuozesha binti mwingine kwa idhini ileile. Sentensi moja tu hiyo, na mtu aliyesoma madrasa tu anaielewa yote.

Tukaendelea, tukafika "jointly". Yule kijana alikuwa ametuandika mimi na kaka, "jointly", na hili neno ni dogo ila lingetutesa kwelikweli, maana yake tutende pamoja, saini yangu bila ya kaka haifai kitu, kila risiti ya kodi ingesubiri mtu aliyeko Muscat. Wangeongeza "and severally" hapo ingekuwa kila mmoja anaweza peke yake. Kuna watu wamekwama benki kwa kukosa hayo maneno mawili tu. Baba akasema hapana, niandikie mmoja, mkiwa wawili kila mtu atadhani mwenzake kashalipa bili ya maji. Tukampigia kaka usiku uleule, akasema mwachieni dada yangu, mi sina neno.

Halafu pakawa na sehemu inasema "substitute", kwamba mimi nikitaka naweza kumteua mtu mwingine wa kukaa badala yangu. Baba akakaa wima kabisa. Akasema, mwanangu nimekupa wewe, sikumpa mumeo wala shoga yako. Nikamwambia baba hata wazungu walikuwa na msemo huo kwa Kilatini tangu zamani, aliyetumwa hawezi kumtuma mwingine, isipokuwa yule mwenye mali aruhusu, na hii karatasi imekuandika kwamba umeruhusu. Akasema kata. Nikakata kwa peni.

Ndo tukafika ukurasa wa tatu, "irrevocable". Akauliza hilo nini, nikakwama. Siyo kwamba sikulijua, nililijua, ila kumwambia baba yangu mzee usoni ilikuwa nzito. Nikasema maana yake hati hii haitenguliki. Akanyamaza. Kisha akaniuliza taratibu tu, yaani kesho nikikwambia mama nirudishie mambo yangu, hutarudisha? Nikasema nitarudisha baba. Akasema basi mbona inasema hutarudisha.

Sikulala vizuri. Baadae nilikuja kuelewa lile neno lilitoka wapi, faili lile lilikuwa la mtu aliyeuza kiwanja, na kwenye mauziano wanaliweka makusudi kwa sababu muuzaji ameshapokea hela, mnunuzi anataka kulindwa ili muuzaji asije akageuka. Ni neno halali mahali pake. Lakini kwa mzee anayemkabidhi mwanae akusanye kodi halina kazi kabisa, liliingia kwa kuwa mtu alibadilisha majina tu na hakuna aliyesoma. Na kilichoniuma zaidi ni pale chini mahali pa dole gumba, palikuwa pameshachapwa tayari kwamba aliyeweka dole amesomewa hati hii na kuelezwa kwa lugha ya Kiswahili na ameielewa. Imechapwa kabla hajasomewa hata herufi! Ningekuwa na haraka siku ile baba angeweka dole na karatasi ingeshuhudia uongo.

Kesho yake nikamtafuta wakili, huyu sasa wa joho, nikamwomba anitengenezee kwa Kiswahili. Akafanya, ukurasa mmoja na nusu. Mimi fulani, kwa hiari yangu, namteua binti yangu fulani peke yake kuwa mwakilishi wangu, kupokea kodi ya nyumba iliyoko mahali fulani, kufuatilia hati ya kiwanja fulani, hana ruhusa ya kuuza wala kuweka rehani, naweza kutengua uteuzi huu wakati wowote kwa maandishi. Baba alisomewa mbele ya wakili akasema hapo sawa, akaweka dole. Na msidhani huo ufupi ni ujanja wa kienyeji, Uingereza wenyewe walitunga sheria mwaka 1971 wakaweka mfano wa hati ya jumla ambayo uteuzi wake ni sentensi moja, namteua fulani kuwa mwakilishi wangu kwa mujibu wa kifungu cha 10, basi, mamlaka yote yameingia. Sisi huku ndo bado tunakopi kurasa tatu.

Nikamtumia kaka picha kwenye WhatsApp akajibu kwa voisi, mbona huku karatasi hiyo inaitwa wakala tu. Nilicheka kwa furaha, maana kwa Waarabu wakala ni lile tendo lenyewe la kukabidhi, kwetu limekuwa jina la mtu, wakala wa simu, wakala wa bima. Neno tunalo, limekaa kona ya barabara linatoa hela.

Mwaka 2021 Tanzania tulibadilisha sheria, Kiswahili kikawa lugha ya sheria na ya mahakama. Waingereza walifanya kama hivyo mwaka 1362, wakasema kesi ziendeshwe kwa Kiingereza kwa sababu watu hawaelewi Kifaransa, na sheria yenyewe ya kusema hivyo ikaandikwa kwa Kifaransa. Kwa hiyo naelewa kwamba mazoea hayaondoki kwa siku moja. Lakini nikipita pale karibu na mahakama nikaona wazee wamekaa kwenye benchi wanasubiri printa, moyo unaniuma, natamani nikae na kila mmoja nimsomee.

Baba alifariki miezi kumi na nne baada ya kuweka lile dole. Wapangaji wakaniletea kodi kama kawaida nikawaambia ngojeni kwanza, maana uwakilishi wa aina ile unakufa siku anayeutoa anapokufa, saa ileile, na mimi tangu alfajiri ile sikuwa mwakilishi wa mtu yeyote. Ikabidi kikao cha ukoo, muhtasari, mahakama ya mwanzo, mpaka nikapewa barua ya usimamizi wa mirathi, kwa Kiswahili. Ile karatasi ya kwanza, iliyokatwa kwa peni, sijaitupa. Nimeikunja na ile yenye dole la baba, ziko pamoja na miwani yake.