Nukta ya 14

"Mwanangu, unanikanyagia dagaa."

Ndivyo nilivyopokewa na bibi mmoja ufukweni Kibirizi, asubuhi moja mwanzoni mwa Septemba 2018. Macho yalikuwa kwenye kifaa cha GPS, naitafuta nukta ya 14 kati ya nukta 60. Kuinamisha kichwa, nikaona miguu yangu imo katikati ya dagaa wabichi, bado wanang'aa, mmoja amenasa kwenye mkanda wa kandambili. Nikaruka pembeni, shikamoo na samahani zikatoka kwa pamoja.

Nilikuwa mwaka wa tatu chuoni, nasoma mazingira na mipango miji, na nilirudi nyumbani Kigoma kumalizia utafiti kuhusu matumizi ya ardhi kandokando ya ziwa. Nilikuwa nimepakua picha ya setilaiti ya Sentinel-2, ambayo pikseli yake moja, yaani chembe ndogo kabisa ya picha, ni mraba wa mita 10 kwa 10 ardhini, nikaifundisha kompyuta kutambua mambo manne: majengo, mimea, maji na ardhi tupu. Mimea na maji havisumbui. Kuna mwanga ambao jicho halioni, wa infraredi. Majani huurudisha kwa wingi, maji huumeza. Kinachosumbua ni mchanga, udongo mkavu na mapaa ya bati, maana hufanana sana kwenye picha. Nilihangaika navyo wiki nzima, na vilipotengana nilifurahi mno. Kilichobaki kilikuwa kupita uwandani, nukta moja baada ya nyingine, kuona kama kompyuta ilisema kweli.

Ufukwe wa Kibirizi ulitokea kama mstari mweupe, na kompyuta ikauita ardhi tupu. Nami kwenye rasimu nikapendekeza eneo hilo lipandwe miti, liwe bustani ya mapumziko, mji upate kivuli na ufukwe usimomonyoke. Niliamini kila neno.

Bibi yule alifuta mikono kwenye kanga, akaichukua ramani, akaigeuzageuza mpaka ziwa la kwenye karatasi likaelekea upande wa ziwa lenyewe.

"Hapa ndipo tuliposimama?"

"Ndiyo, bibi."

"Na hii rangi ya kaki ni nini?"

"Ardhi tupu."

Hakujibu. Nyuma yake wanawake walikuwa wakipokea mabeseni kutoka kwenye mitumbwi, wakimwaga dagaa na kuwatandaza kwa viganja ili wasilaliane. Mchanga ulikuwa haubakizi pa kuweka mguu.

"Hii picha ilipigwa lini?"

"Mwishoni mwa mwezi wa saba."

"Mwezi ulikuwaje?"

Nilichagua siku ile kwa sababu anga lilikuwa halina wingu. Habari ya mwezi hakuna aliyewahi kuniuliza, wala mimi sikujiuliza. Ndipo nikakumbuka: zilikuwa siku zile za tarehe 27 Julai, usiku ambao mwezi ulipatwa ukawa mwekundu na watu wote wakatoka nje kuutazama. Na mwezi haupatwi ila ukiwa mpevu.

"Ilikuwa mbalamwezi, bibi."

"Sasa mbalamwezi nani anavua?"

Dagaa huvuliwa gizani. Wavuvi huwasha taa, dagaa huifuata, wavu hupanda nao. Mwezi ukijaa, taa haina nguvu, mitumbwi hupumzishwa na mchanga hubaki mweupe. Hayo sikufundishwa na bibi yule, nimekua nayo. Mama yangu alinisomesha kwa dagaa hawa hawa, akiwafunga kwenye viroba na kuwapakia kwenye treni ya Tabora. Kwetu ada ililipwa giza. Mbalamwezi tulikopa unga dukani. Nilijua yote hayo, na bado niliandika "tupu". Inaniuma mpaka leo.

Nikamwomba anionyeshe uwanja wake. Hakukuwa na uzio wala kamba. "Kutoka jiwe lile mpaka mtumbwi mbovu ule, alikuwa akianika mama yangu," alisema. Nikapima kwa hatua: 12 kwa 9. Uwanja uliolisha vizazi viwili ungeweza kuingia ndani ya pikseli moja.

Niliketi naye mpaka jua lilipokaza, tukigeuza dagaa na kuondoa vijiwe. Alinieleza kwamba masika dagaa wakinyeshewa huoza palepale, na kwamba wa kwenye kichanja hawashiki mchanga, hupata bei nzuri, ila nyavu na mbao za kichanja ni gharama. Nikaona haja ya kweli ya ufukwe ule, na haikuwa bustani.

Fomu yangu ilikuwa na nafasi ya neno moja tu. Niliandika "mchanga", nikakata, nikaandika pembeni kwa herufi ndogo: uwanja wa kuanikia dagaa, giza, wazi, mbalamwezi. Usiku nilifuta aya ya bustani na kuongeza tabaka la tano kwenye ramani. Kisha nikatafuta picha nyingine, ya siku za giza.

Ila kabla ya hapo, mchana ule ule, nilipanda juu ya barabara hadi nukta ya 15. Kompyuta ilisema mimea. Palikuwa na mama analima matuta ya viazi. Nilimwamkia, nikaweka kalamu mfukoni, nikamuuliza mvua zikija hapa huwa kuna nini.