Homa iliyokataa kushuka

Seli shina, zile zinazozaa damu, alizopandikizwa mdogo wangu zilitoka kwangu. Sehemu yangu ilikwisha kwa saa chache kwenye mashine. Yake ndiyo kwanza ilikuwa inaanza. Dawa kali zilishaumaliza uboho wake, kiwanda cha damu ndani ya mifupa, na hadi seli zangu zishike, jambo linalochukua kama wiki mbili hadi nne, mwili wake ulikuwa nyumba isiyo na mlinzi. Neutrofili, chembe nyeupe za damu zinazopambana na vijidudu, zikishuka chini ya 500 kwa maikrolita moja ya damu, hatari ni kubwa. Zake zilisomeka sifuri.

Nilichokiogopa kuliko vyote ni hewa. Kandida, aina ya kuvu, yaani fangasi, hukaa tumboni mwa wengi wetu, ikapenya kwenye damu utumbo ukichubuka. Lakini aspagilasi, kuvu ya udongoni na kwenye majani yanayooza, vimbegu vyake huelea kila mahali na sote tunavivuta bila kudhurika. Ndiyo maana chumba kilikuwa na chujio maalumu la hewa na maua yalipigwa marufuku. Ghorofa ya chini mafundi walikuwa wanabomoa ukuta. Niliwauliza manesi habari za lile vumbi mara kwa mara, mpaka mmoja akanipeleka kunionyesha mlango uliozibwa kwa nailoni na kubandikwa gundi pembe zote.

Homa ikaja usiku. Antibayotiki zikaanza saa ileile, siku zikapita, homa palepale. Nilipowapigia ndugu kwamba huenda ni fangasi, mmoja akauliza, "Si wale wa miguuni?" Nilimweleza taratibu, maana ni wengi wasiojua kwamba fangasi huua.

Asubuhi mdogo wangu akaninong'oneza, "Dada, nikivuta pumzi upande huu unachoma."

Nilimfuata daktari koridoni nikamwambia maneno yaleyale. Picha ya CT ikapigwa siku hiyohiyo: pafu la kulia lilikuwa na donge, na kulizunguka kama ukungu mwembamba. Kipimo cha damu cha galaktomanani, kinachotafuta alama ya aspagilasi, nacho kikatoka chanya. Flukonazoli, dawa ya fangasi aliyokuwa akipewa kama kinga, huizuia kandida, haiigusi aspagilasi. Wakamwekea dripu ya vorikonazoli, dawa nyingine ya fangasi, na kupunguza takrolimasi, dawa ya kuzuia seli zangu zisimshambulie, kwa sababu vorikonazoli huipandisha mno kwenye damu.

Nusu saa baadaye akaniambia pazia linameta na rangi zake zimebadilika. Nesi alikuwa ameshatuonya kwamba dripu hiyo huweza kuchezea macho hivyo, kwa hiyo nilimshika mkono tu, tukalitazama pamoja hadi lilipotulia.

Neutrofili zilipoanza kupanda, picha ya pili ilionyesha donge limekua. Nililia. Daktari akaketi, akanieleza kwamba chembe za ulinzi zikirudi donge huweza kuvimba kwanza, na kwamba sasa tuangalie zaidi asije akakohoa damu. Hakukohoa. Homa ilishuka, na akaruhusiwa akiwa na vidonge vya kumeza kwa miezi, pamoja na steroidi za kutuliza seli zangu zilizokuwa zikimshambulia ngozi. Steroidi hizo nazo humfungulia kuvu mlango, hivyo kliniki ilibaki palepale kwenye ratiba yetu.