Hiyo "Ila" ya Jumapili

Tangu Jumapili kuna neno moja ambalo halijaniacha, na nililitamka mwenyewe. Nilikuwa nimekaa barazani kwa Baba mdogo, hapa Tanga, na kompyuta yake mpya mapajani, nikijaribu kufungua masomo ya Kifaransa aliyoyanunua mwaka 2011 katika duka moja la mtandaoni ambalo limekwisha kufungwa. Faili zote 24 zilikuwepo, kila moja na jina lake na ukubwa wake, lakini kila nilipobonyeza, Windows Media Player, programu ya kuchezea sauti, ilidai leseni, yaani kibali cha kidijiti cha kulifungua faili.

Baba mdogo akaniuliza, kwa ule upole wake wa ualimu, "Mwanangu, haya masomo niliyanunua au niliyaazima?"

Nikamjibu, "Uliyanunua, Baba mdogo, ila..."

"Hiyo ila ndiyo ninayokuuliza."

Sikuwa na la kusema, na nimelala na swali hilo siku tatu, katika wiki ambayo posa ya Mwanaidi ilijibiwa, mkataba wangu kazini ukaongezwa, na Zuhura akafunga mizigo yake ya chuo.

Masomo hayo yalikuwa ndani ya mashine pepe, yaani kompyuta ya kuigizwa ndani ya kompyuta halisi: ile Windows 7 niliyomwekea kwa programu ya VirtualBox, juu ya mfumo wa Ubuntu unaoiendesha kompyuta yenyewe, na alipopata kompyuta mpya nilinakili diski yake nzima nikaamini kwamba nimehamisha kila kitu. Sikukumbuka kwamba leseni za namna ile hufungwa kwenye alama za mashine iliyozipokea, na kwamba mashine pepe, hata ikihamishwa bila kuguswa herufi moja, huiona prosesa ya kompyuta inayoibeba. Mbele ya programu ile, Baba mdogo alikuwa mtu mwingine aliyeshika mali ya Baba mdogo.

Niliitafuta folda iliyofichwa ambamo leseni hizo hutunzwa, C:\ProgramData\Microsoft\Windows\DRM, nikaibadilisha jina badala ya kuifuta, ili programu ijijengee nyingine. Dawa hiyo humfaa mtu ambaye duka lake lingali hai, kwa kuwa atapewa leseni upya. Kwetu dirisha la leseni lilifunguka likabaki jeupe, na hapo ndipo swali lile lilipoulizwa. Tena Septemba 2024 Microsoft ilitangaza kwamba huduma zake za kizamani za leseni haziendelezwi tena, kwa hiyo sikuona faida ya kungoja.

Jumatano jioni niliitoa kabatini kompyuta ya zamani, ile yenye kioo kilichopasuka, nikaiunganisha na televisheni kwa waya wa HDMI. Mashine pepe ya awali ilikuwa bado imo, kwa sababu sikuwahi kuifuta. Nilibonyeza somo la kwanza. Kukawa kimya kidogo, kisha sauti ya mwanamke ikasema "Bonjour", na Baba mdogo, aliyekuwa jikoni akichambua mchicha, akaitikia "Bonjour, madame" kabla hajajua kwamba ameitikia. Alikuja mlangoni na majani mkononi, akasimama, asiseme neno mpaka somo likaisha. Furaha niliyoipata pale sijaipata kwa mkataba.

Nilipofungua sifa za faili, kwenye sehemu ya haki za matumizi, nilikuta leseni inaruhusu masomo kuchomwa kwenye CD za sauti mara 3. Ruhusa hiyo ilikuwepo miaka yote na hakuna aliyeisoma. CD ya kwanza ilikataa, kwa kuwa VirtualBox haiiachii mashine pepe kuandika kwenye kichomeo mpaka uweke alama kwenye mpangilio unaoikabidhi kifaa hicho moja kwa moja. Baada ya hapo zote sita zilitoka salama, masomo manne kwa kila moja. Baba mdogo aliziandika namba kwa kalamu ya wino mzito, polepole, akazipuliza zikauke, akauliza kama hizi nazo zina ila.

Nilimwambia hazina. Nadhani nimemwambia kweli, kwa kuwa radio yake haiulizi mtu jina, lakini nitamchomea seti ya pili kabla kompyuta ile haijazimika kabisa.

Zuhura alipanda basi la Dodoma leo saa kumi na mbili asubuhi. Sasa ni saa nne usiku na simu yake haipatikani.