SSD ya M.2 isiyoonekana kwenye BIOS: nilivyotatua

Hatimaye kompyuta imeiona SSD (diski ya kuhifadhi data isiyo na sehemu zinazozunguka), kwa hiyo naandika ili mwingine asikeshe kwa jambo hili hili.

Dalili: SSD ya M.2 imeingia vizuri, skrubu imekazwa, lakini BIOS (programu ya msingi inayoiwasha kompyuta) haioni kitu. Niliichomoa na kuirudisha, nikasasisha BIOS, nikarejesha mipangilio ya kiwandani. Wapi!

Jibu lilikuwa kwenye mapengo yaliyo katika safu ya pini za SSD. M.2 ni umbo tu la kadi na nafasi yake. Data inaweza kupita kwa SATA (njia ya zamani, ya polepole zaidi) au kwa PCIe (njia ya kasi), ambayo ndiyo inayotumiwa na SSD za aina ya NVMe. SSD yenye mapengo mawili mara nyingi ni ya SATA, yenye pengo moja kwa kawaida ni NVMe (lebo itathibitisha). Yangu ilikuwa na mawili. Nafasi ya M.2 iliipokea bila kipingamizi, kumbe kwa mujibu wa kitabu cha ubao mama (bodi kuu ya kompyuta) nafasi hiyo ni ya PCIe peke yake.

Nilizima umeme, nikaihamishia nafasi ya pili inayokubali SATA. Ikaonekana papo hapo, ila diski kuu ya zamani ikapotea! Nafasi hiyo hushirikiana na tundu moja la SATA na kulizima. Nikahamisha kebo ya diski hadi tundu jingine, zote mbili zikaonekana.

Kasi ni ile ile ya SATA, yaani chini ya MB 600 kwa sekunde, wakati NVMe ya PCIe 3.0 yenye njia nne hufika karibu 3,500. Kwa kuwasha kompyuta na kazi za ofisi, inatosha kabisa.