Ile "Mh" ya Bibi

"Weye mwanangu Mswahili kweli, au wamekufundisha tu?"

Hiyo ilikuwa Jumatatu. Leo Ijumaa, bado imenikaa kooni kama mwiba wa changu.

Simu ya saa tatu asubuhi, daktari upande mmoja, bibi mgonjwa upande wa pili, mimi mkalimani katikati na chai inapoa. (Ya wagonjwa siyamwagi hapa, mnanijua. Lakini hili lilikuwa langu, si lake.) Daktari kauliza, nami nikaligeuza neno kwa neno, kikazi: "Ukipima kutoka sifuri hadi kumi, maumivu yako yapo katika kiwango gani?" Kimya. Ndipo bibi akaniuliza hilo swali. Nikamjibu, "Mie wa Tanga, bibi. Ngamiani." Akasema, "Mh."

Si swali lililoninyima usingizi, ni hiyo "mh". Ya muuza duka aliyepewa noti akaiinua juu kwenye mwanga. Tangu hapo naosha vyombo namjibu, nipo kwenye basi namjibu. Ningesema tu, "Yauma sana, bibi, au yavumilika?" Mama angeuliza hivyo. Shemeji kajifungua pacha Jumanne, alhamdulillah, saa zangu za kazi zimepunguzwa tena, nami nimeshikwa na "mh".

Jana, kwa kuwa shule zimefungwa, nikampeleka binti yangu Salma National Gallery, nyumba ya picha hapa London, maana ni bure na kuna joto. Tukasimama mbele ya ile picha ya Canaletto, mchoraji wa Venice kule Italia, ya uwanja wa waashi, ya mnamo 1725. Venice, lakini si ile ya kadi za watalii: mawe yametapakaa, mafundi wanachonga, nguo zimeanikwa madirishani. Kwenye kona ya kushoto mtoto kaanguka, kalala chali, na kwa woga anakojoa, mkojo unaruka juu! Mama yake kauacha ufagio anamkimbilia. Salma alicheka mpaka mlinzi akageuka. Nami nikacheka, mara ya kwanza tangu Jumatatu.

Basi nikamsimulia kisa chake. Huyu bwana, Giovanni Antonio Canal, alikuwa akiwauzia Waingereza waliokuja kutembea Venice. Vita vya miaka ya 1740 vikawakata wateja, naye mwaka 1746 akawafuata kwao London. Unajua walimwambia nini? Kwamba si yeye. Picha alizochora hapa hazifanani na zile za Venice, basi lazima ni mtu mwingine anatumia jina. Tena mpwa wake, Bernardo Bellotto, naye alikuwa mchoraji wa miji akijiita Canaletto, wakati huo yuko Dresden, Ujerumani. Mwaka 1749 Canal mwenyewe akatangaza gazetini: anayetaka kuona picha yake mpya na aje nyumbani kwake, kwa fundi samani Silver Street. Njooni mjionee.

Tukaitafuta hiyo nyumba. Siku hizi mtaa unaitwa Beak Street, Soho, na kibao chenye jina lake kipo ukutani. Nilisimama pale na mfuko wa viazi wa Salma mkononi, nikamwonea huruma mzee wa watu. Nikawaza: hata yeye? Na kumbe bibi wa watu hakuwa na ubaya. Alisikia karatasi ikiongea.

Kinachonifurahisha zaidi ni mchoro wake wa 1766, wa waimbaji katika kanisa la San Marco. Ameandika kwa mkono wake kwamba ameuchora akiwa na miaka 68, bila miwani. Bila miwani! Miaka miwili baadaye akafa. Hayo ni majivuno ya Kitanga kabisa.

Baba Salma alinisikiliza yote usiku, kisha akaniambia kuna watafiti waliopima jinsi maji yalivyopanda Venice kwa kuangalia mstari wa mwani aliouchora kwenye kuta. Angenyamaza ingekuwa afadhali. Nikainuka nikakisogeza kitanda cha mtoto. Ule ukungu mweusi wa ukutani, niliouwekea alama ya penseli mwezi uliopita, umeivuka kwa vidole vinne. Mwenye nyumba hapokei simu, na kifua cha Salma tangu juzi kinakoroma.