Wanasoma Huku Wanacheka: Uzoefu Wangu Newala

Watoto wengi wa mtaani kwetu Newala, kusini mwa Tanzania, walikuwa wanajua kusoma kwa maana ya kutamka tu. Mtoto wa darasa la tatu anakutiririshia ukurasa mzima wa kitabu cha shule, ukimwuliza kimesema nini anakutazama usoni. Wengine ulikuwa ukifunika ukurasa wanaendelea vilevile, wameshaukariri. Silaumu mtu: darasani watoto ni wengi, na nyumbani kitabu cha kujisomea hakuna. Lakini wanangu walikuwa humo humo, na sikutaka wafike darasa la saba kwa mtindo huo.

Nikaamua kuwasomesha kwa hadithi za kuchekesha, nikaanza na Abunuwasi. Nilimchagua kwa sababu kichekesho hakikaririki: mtoto hawezi kucheka mahali panapostahili kama hajaelewa alichosoma. Kicheko chenyewe ndicho kinakupa jibu, huna haja ya kumwuliza maswali ya mtihani.

Hekaya ya sufuria wengi wetu tulisimuliwa. Abunuwasi anaazima sufuria kwa jirani, anairudisha na kisufuria ndani yake, anasema imezaa. Jirani anapokea kwa furaha. Safari nyingine anaazima tena, hairudishi. Jirani akiidai, anaambiwa imekufa. Niliiandika kwa herufi kubwa kwenye karatasi za manila, sentensi fupi fupi, nikawakalisha watoto chini ya mkorosho nyuma ya nyumba. Mtoto wa jirani, ambaye husoma huku kidole kinatafuta herufi, akaanza: "Su-fu-ri-a ya-ko i-me-za-a." Akapita. Binti aliyekaa nyuma yake akaangua kicheko. Yule akasita, akarudisha kidole mwanzo wa mstari, akasoma tena kwa mkupuo mmoja: "Sufuria yako imezaa." Akaniinulia macho.

"Shangazi, sufuria inazaaje?"

Nikamwambia asome mbele. Kidole kilikuwa kimeshafika mstari wa pili.

Tangu hapo nina utaratibu wangu. Sielezi kichekesho hata siku moja. Ukikieleza umekiua, na mtoto anajifunza kukungoja wewe umwambie. Picha naifunika kwa kiganja mpaka sentensi iishe, maana picha nyingi zinatoboa siri kabla ya maneno. Hadithi yenye kibwagizo kinachorudi naipenda zaidi, kwa kuwa hata msomaji dhaifu anakidaka na kukisema pamoja na wenzake bila aibu. Vya kumcheka kilema, mwenye kigugumizi au maskini sivitaki kabisa. Acheke fisi kwa ulafi wake, acheke mfalme aliyezidiwa akili na mkulima, inatosha.

Mzee mmoja jirani alinijia akasema, "Mwanangu, utawafanya hawa wawe watu wa mzaha." Nilimpa shikamoo yake, nikamkumbusha kwamba sisi watu wa Kusini hata msibani watani wetu wanatuchekesha, na maiti tunamzika kwa heshima zote. Akacheka. Siku nyingine akaja kukaa nasi, na ikawa faida, kwa sababu hadithi za sungura na fisi anazijua kuliko mimi.

Msimu wa korosho ndio mgumu. Kuanzia mwezi wa kumi watoto wako shambani wanaokota, jioni wamechoka. Hapo nafupisha, ukurasa mmoja tu, na kila mtu ananawa kwanza kwa sababu doa la bibo, lile tunda la mkorosho, kwenye karatasi halitoki.

Vitabu vyenyewe navipata kwa kuunga unga. Nikishuka Mtwara mjini natafuta vya mitumba na vya dukani. Kilichonisaidia zaidi ni African Storybook, mradi ulioanzishwa Afrika Kusini. Una hadithi fupi za picha kwa lugha nyingi za Afrika, Kiswahili kikiwemo, na unaruhusiwa kuzipakua na kuzichapa bure. Napakua kwenye simu, nazichapisha stesheneri, nabana kwa pini. Si zote zinachekesha, inabidi uzisome mwenyewe kwanza.

Wanangu sasa wanagombania nani aanze. Yule mtoto wa sufuria bado anakwama kwenye maneno marefu, ila akikwama anarudi nyuma mwenyewe, kwa sababu anajua kuna kitu mle anakikosa. Anasoma pia vitabu visivyochekesha, cha sayansi akiuliza "kwa nini" kila mstari.

Kazi tuliyonayo sasa ni daftari moja kubwa. Kila mtoto anamwomba bibi au babu yake hadithi ya kuchekesha, anaileta, tunaiandika pamoja, mwenye hadithi anawasomea wenzake. Ninachokitafuta kwa nguvu ni hadithi ambazo mjanja wake ni msichana, maana tulizonazo ni chache mno, na mabinti wameshaanza kuniuliza.