Kigeu kinachotoka

Jana usiku programu ninayoiandika kukokotoa mchanganyiko wa chakula cha kuku kwa gharama ndogo ilizunguka bila kutoa jibu mpaka feni ya kompyuta ikaanza kunguruma, nami nikang'amua kwamba wiki mbili nzima nilikuwa nikihangaika na nusu tu ya tatizo.

Nusu hiyo ni kigeu kinachoingia, yaani kiasi kinachoanza kutumika kwenye mchanganyiko katika hatua fulani; nusu nyingine ni kile kinachotoka ili kukipisha. Kanuni ya George Dantzig, aliyebuni mwaka 1947 njia ya simpleksi, ile inayotafuta gharama ndogo kwa kubadilishana vigeu hivyo hatua kwa hatua, humchagulia mtu kigeu kinachoahidi kushusha gharama zaidi kwa kila kipimo kimoja, lakini ahadi hiyo hutegemea kipimo chenyewe: nilipoandika dagaa kwa gramu badala ya kilo, mvuto wake ulipungua mara 1,000 na ukaachwa nyuma ya pumba, ingawa dagaa walikuwa wale wale. Ndiyo maana programu kubwa hupima mteremko kwa urefu wa njia inayopitwa. Hilo nililirekebisha kwa furaha, na mzunguko ukabaki pale pale.

Basi nikaingiza mfano mdogo wa Beale wa mwaka 1955, unaojulikana kwa kuifanya njia hiyo izunguke, wenye masharti matatu tu, nikachapisha jedwali la hesabu kila hatua. Gharama ilikaa kwenye sifuri; hatua ya sita iliponirudishia jedwali la kwanza, tarakimu kwa tarakimu, nilicheka peke yangu. Kanuni ya Bland ya mwaka 1977, yaani kuchukua daima kigeu chenye namba ndogo kabisa, wakati wa kuingia na wakati wa kutoka, huvunja mduara huo kwa uhakika, ila ni ya polepole mno, kwa hiyo naiita pale tu gharama isiposhuka kwa hatua 50 mfululizo.

Lililonifunza zaidi lilikuwa kigeu kinachotoka. Katika jedwali langu la kuku mistari miwili, kila mmoja ukiwa sharti lenye kigeu chake, ilikuwa ikishindana upi utoe kigeu: mmoja ulikuwa na 0.0000008 kugawanya kwa 0.0000004, yaani 2, na mwingine 6.0000003 kugawanya kwa 3, yaani 2.0000001. Kitabu husema chukua uwiano mdogo, na programu yangu tiifu ikachukua ule wa kwanza, ikagawanya mstari mzima kwa egemeo lake, yaani kile kigawanyi cha 0.0000004, dogo mithili ya vumbi, na kila kosa la kukadiria desimali lililokuwamo likakuzwa mara 2,500,000. Paula Harris alikwisha kutoa dawa mwaka 1973: legeza mipaka kidogo sana, kisha kati ya mistari ambayo uwiano wake unakaribiana, chagua wenye egemeo kubwa. Sharti la kwanza huvunjwa kwa kiasi kisichofika hata sehemu moja ya bilioni, na kuku hawatajua.

Nimeweka ulegevu wa 0.000000001 na nimekataza egemeo lolote lililo chini ya 0.0000001. Leo asubuhi jibu limetoka kwa hatua 14, mahindi yakiongoza.